Mzigo wa Mbwera na Fedha ya Utafiti

Panapozungumzwa habari ya uchukuzi wa mizigo katika Tanzania, mawazo ya wengi huelekea moja kwa moja kwenye bandari ya Dar es Salaam, kwenye reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na sasa kwenye reli ya kisasa ambayo treni zake za abiria zilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Hapana ubaya katika hilo, kwani hiyo ndiyo mishipa mikubwa ya uchumi. Ubaya uko katika kudhani kwamba mzigo huanzia stesheni. Mizigo mingi huanzia kichwani mwa mtu au ndani ya mtumbwi, na sehemu hiyo ya safari ndiyo isiyopata fedha ya utafiti inayostahili.

Chukuliwe mfano wa Mbwera, katika delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti. Mto Rufiji, ukiisha kukusanya maji ya bonde lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia. Kati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 50,000, mkubwa kuliko mingine yote ya pwani ya Tanzania. Kamba, kaa, mpunga na nazi hutoka. Saruji, mabati, sukari na mafuta huingia. Mzigo una njia mbili. Ya kwanza ni ya nchi kavu, kupitia Mbuchi na Mohoro hadi barabara kuu ya Lindi, ambayo tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 haingoji tena pantoni ya Ndundu. Ya pili ni ya maji, kwa mashua hadi gati la Nyamisati, na kutoka hapo kwa lori hadi Kibiti na Dar es Salaam.

Kubishana ipi ni bora kati ya hizo ni kupoteza wakati. Masika huigeuza njia ya udongo kuwa tope, na maji mafu hukipweleza chombo. Mkulima wa mpunga hahitaji kushinda ubishi. Ahitaji kujua wiki hii gunia lipitie wapi, likutane na lori siku gani, na saa ngapi. Huo ndio usafirishaji wa njia mseto, ambao wataalamu wa nchi tajiri huuandikia vitabu vinene kwa ajili ya makontena na korongo za bandari. Swali lake ni lile lile Rotterdam na Mbwera: je, mzigo unapohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, unapoteza nini?

Jibu la Mbwera laweza kuanzia katika darasa la fizikia. Mashua yenye eneo la mita za mraba 20 pale inapokatwa na uso wa maji huzama sentimita moja zaidi kwa kila kilo 200 zinazoongezwa. Ndiyo kanuni ya Archimedes, wala haina siri nyingine. Maana yake ni kwamba kila sentimita ya kina ambayo nahodha anaijua kwa hakika ni magunia mawili ya mpunga, ambayo asipoijua huyaacha pwani kwa tahadhari. Wengi hudhani kwamba dawa ya mkondo mfupi ni kuuchimba, kazi ya mabilioni inayoweza kuharibu mikoko na mazalio ya kamba. Kumbe sehemu ya kina hicho ipo tayari, ila haijulikani iko wapi na ipo saa ngapi. Bildi, ile timazi ya kamba na risasi ambayo mabaharia wa pwani wameitumia tangu zamani, na kifaa cha kisasa kipimacho kina kwa mwangwi wa sauti, hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na mtambo wa kuchimba.

Lipo pia suala la saa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Bamvua huja mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na maji mafu huja katikati yake. Majedwali ya maji huandikwa kwa bandari kubwa. Ndani ya delta wimbi la maji huchelewa, nalo hupungua nguvu kwa msuguano wa tope na mizizi, na mto ukifurika huzidi kulibadilisha. Hakuna hesabu ya mezani itakayotoa saa za Mbwera kutokana na saa za Dar es Salaam. Panahitajika nguzo yenye alama za sentimita, mtu wa kuisoma, na daftari. Mwaka mmoja wa kusoma kwa uaminifu watosha kutengeneza jedwali la kubandikwa pwani.

Kwa mwenye kamba, saa ni fedha hasa. Kupoza kilo 100 za kamba kutoka nyuzi 30 za Selsiasi hadi sufuri kwahitaji barafu ipatayo kilo 32 iyeyuke yote, nayo ni kwa kupoza tu; kudumisha ubaridi njiani ni barafu nyingine. Chombo kikipwelewa juu ya fungu la tope, barafu huendelea kuyeyuka hali mzigo umesimama, na mnunuzi wa Nyamisati haulizi sababu.

Historia ya delta yenyewe yaonyesha thamani ya ujuzi huo. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye urefu wa mita zaidi ya 110, ilijificha humo kwa sababu Wajerumani walikuwa wameipima mikono ya mto kabla ya vita. Waingereza, wasiokuwa na ramani za kutosha, walihangaika kwa miezi, wakaleta ndege na meli mbili zisizohitaji kina kirefu, ndipo wakaimaliza tarehe 11 Julai 1915. Kwa ajili ya vita, fedha ya kupima vilindi ilipatikana.

Ramani za zamani hazifai tena. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022 kwa ajili ya mitambo ya megawati 2,115, litazuia sehemu ya mchanga na tope liliokuwa likishuka, na mafuriko ya mwaka 2024 yaliwaathiri sana wananchi wa Rufiji na Kibiti. Mikondo itahama. Kupima mara moja na kufunga daftari hakutasaidia.

Fedha itoke wapi? Viongozi wa Afrika walikubaliana Lagos mwaka 1980 kwamba kila nchi itenge asilimia moja ya pato lake kwa sayansi na teknolojia, na Tanzania haijafika hapo. Hata hivyo vyombo vipo: Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 kushika nafasi ya Baraza la mwaka 1968, ina mfuko wake wa kuendeleza utafiti. Kasoro ni kwamba hoja ya reli husomeka kuwa ya kitaifa, na hoja ya mashua husomeka kuwa ya kijiji. Sehemu ya fedha ya utafiti wa uchukuzi, hata ikiwa ndogo, ingetengwa kwa ajili ya mwanzo wa safari, pasipo kushindanishwa na reli.

Wapo watakaosema kwamba barabara ikiwekwa lami, mashua zitakufa. Yawezekana kwa abiria. Kwa saruji na mpunga si hakika, kwa kuwa chombo cha majini huhitaji nguvu kidogo zaidi kwa kila tani, na tanga halinunui mafuta. Iwapo injini ya betri na jua yaweza kulisaidia tanga katika mikono ya mto isiyo na upepo, hilo nalo lapaswa kujaribiwa kwa mizani na saa, na manahodha wa Mbwera wakae katika kamati ya jaribio hilo tangu siku ya kwanza, wakilipwa posho sawa na wajumbe kutoka mjini.