Daftari la karata lilivyomponza mpwa wangu

KUMJUA unayecheza naye ni nusu ya ushindi. Lakini je, utamtazama mtu mara ngapi ndipo useme unamjua? Swali hilo lilimgharimu mpwa wangu kodi ya chumba.

Kijana huyu anasomea Thika, na mwisho wa juma hurudi kwao Ruiru. Jumapili baada ya chakula, jamii nzima huketi kucheza karata, mchezo ambao Wakenya wengi huuita poka ingawa si ile poka ya Las Vegas. Kila mtu hugawiwa karata 4. Mbili humtwika anayefuata karata 2 zaidi, tatu humtwika 3. Esi hukukinga na adhabu hiyo, au hukuwezesha kuitisha aina uitakayo, iwe kopa au maua. Usipotamka "niko kadi" kabla ya kumaliza, ushindi si wako. Nyumbani hapo hakuna dau.

Mpwa wangu alianza kuandika daftarini. Baada ya michezo 50 aligundua kwamba baba yake akiwa na esi huitisha kopa karibu kila mara, na mama yake huficha mbili na tatu hadi mwisho. Basi akabadilisha uchezaji wake. Baba akikaribia kumaliza, yeye huitisha maua. Mama akibakiwa na karata chache, yeye huweka esi akiba ya kujikinga. Akawa hashikiki!

Wachezaji wa poka ya dau hufanya vivyo hivyo. Huhesabu ni mara ngapi katika kila migao 100 mwenzao huingiza pesa kwa hiari. Anayeingia mara 15 hungoja karata nzuri, na akipandisha dau, mwenye karata hafifu ni heri ajiondoe. Anayeingia mara 50 hucheza na karata zozote, kwa hivyo hata karata za wastani zaweza kumshinda.

Jioni moja kule Thika, wanafunzi wenzake walimwalika kwenye poka hiyo ya dau. Alimtazama kijana mmoja kwa migao 4, na mara zote 4 kijana aliingiza pesa. Mpwa wangu akakata shauri kwamba huyo hucheza na chochote, akaanza kumkabili kwa karata za wastani. Kufikia usiku wa manane kodi ilikuwa imekwisha.

"Mjomba, kumbe siku hiyo alianza kwa kupata karata nzuri mfululizo," aliniambia huku akitazama sakafu. "Baadaye alijiondoa mara nyingi, lakini mimi nilikuwa nimeshaandika."

Hapo ndipo penye funzo. Chukua sarafu ya shilingi 20, uirushe mara 4. Uwezekano wa kupata upande wa ndovu mara zote 4 ni 1 kati ya 16. Si jambo la ajabu hata kidogo, wala halionyeshi kwamba sarafu ina kasoro. Irushe mara 100, na kwa kawaida ndovu ataonekana kati ya mara 40 na 60. Haba na haba hujaza kibaba, lakini matone manne hayajazi kitu.

Tena binadamu si sarafu. Naye anakutazama, na akijua unamhesabu atabadilika. Daftari lisilofutwa na kuandikwa upya humdanganya mwenyewe. Na hata hesabu iliyo sahihi haikwambii mgao ujao utaleta nini, sembuse kukulipia kodi!

Nilimpa nusu ya kodi, nusu ya pili akaitafuta kwa kibarua. Siku hizi daftari hutumika Ruiru tu, mezani pa mama yake, ambaye majuzi alitupa mbili zake zote mapema na kumshinda.