Mrenda Nilioufuata Hadi Vietnam

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, nami nilidhani inawahusu watoto watukutu tu, wale wa kuruka ua na kuvuta sigara vichakani. Kumbe ilikuwa inanisubiri mimi! Ulimwengu ulinifunza, tena mbali sana na kwetu, na somo lenyewe lilikuwa kupika mboga.

Najua baadhi yenu mmekwisha kucheka. Ati mvulana wa Kidato cha Tatu anaandika juu ya mboga katika jarida la Chama cha Kiswahili! Chekeni, lakini someni hadi mwisho. Maoni yangu ni haya: mlo usio na nyama si aibu wala si adhabu, na dharau tuliyo nayo kwa mboga zetu huwaumiza watu tunaowapenda. Ninayasema haya nikiwa shahidi, kwa sababu mkosaji wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe.

Basi nianze na kosa langu. Nyanya yangu anaishi kijijini karibu na Kakamega. Sisi tunakaa Nairobi na humtembelea kila Disemba. Nikiwa Darasa la Sita, alituandalia ugali wa wimbi na mrenda uliochanganywa na majani ya kunde. Niliutazama ule mrenda ukivutika kutoka kwenye mwiko, nikasukuma bakuli na kusema mbele ya watu wote, "Mimi sili makamasi." Binamu zangu waliangua kicheko. Nyanya naye alicheka kidogo, kisha akaliondoa bakuli bila neno. Mambo yakaishia hapo, au ndivyo nilivyodhani. Tangu siku ile, kila tulipofika kwake tulikuta nyama ikitokota jikoni. Nikawaambia wenzangu kuwa nyanya siku hizi mambo yake ni mazuri.

Miaka ikapita. Likizo ya Agosti mwaka wa 2024, shangazi yangu, dadake baba, alinilipia nauli nikamtembelee kwa majuma mawili. Yeye anafundisha Kiingereza katika mji wa Da Nang, nchini Vietnam. Siku chache baada ya kufika, aliniambia kuwa ametulipia sote wawili darasa la mapishi huko Hoi An. Huu ni mji mkongwe wa bandari, ambao kutoka Da Nang ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka wa 1999, na nyumba zake zenye kuta za manjano huwavutia wageni wengi.

"Mapishi gani, shangazi?" nikauliza, huku mate yakinidondoka kwa kuwaza kuku wa kukaanga.

"Ya mboga tupu," akajibu. "Hakuna nyama wala samaki."

Moyo ulininyong'onyea. Nivuke bahari yote ile nije kula mboga? Si afadhali ningebaki nyumbani na sukuma wiki? Lakini mgeni hana lake, na mlipaji ndiye msemaji. Nikanyamaza.

Tulikuwa wanafunzi watano: mume na mke kutoka Australia, Mfaransa mmoja, shangazi na mimi. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo. Tulimwita Cô. Shangazi alinieleza kwamba katika lugha yao neno hilo humaanisha shangazi, dada wa baba, na ndilo hilo hilo ambalo wanafunzi humwitia mwalimu wa kike. Basi siku hiyo nikawa na mashangazi wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto, na hapakuwa na njia ya kutoroka.

Asubuhi tuliendesha baiskeli hadi Trà Quế, kijiji cha wakulima wa mboga nje kidogo ya mji. Matuta ya bustani zao yalikuwa yamenyooka kama mistari ya daftari. Wakulima wa hapo hurutubisha udongo kwa magugu ya majini wanayoyavua mtoni. Cô alichuma majani ya mnanaa, mrihani na dania akatupa tunuse. Kule majani hayo si ya kupamba sahani. Huletwa mezani mabichi, fungu zima, yakaliwa pamoja na chakula.

Kutoka hapo tulikwenda sokoni. Akina mama walikuwa wameketi na mafungu yao chini, nusura nidhani niko Kakamega. Cô aliokota fungu moja na kusema, "Rau đay." Akaokota la pili, "Mồng tơi." Akaongeza la tatu, "Rau dền." Jamani, sikuhitaji mkalimani. La kwanza lilikuwa mrenda! La pili, lenye majani manene yanayong'aa na mashina ya kutambaa, lilikuwa nderema, ile ile iliyoparamia ua wa nyanya. La tatu lilikuwa mchicha. Pembeni palikuwa na majani machanga ya maboga, yale ambayo kwetu huitwa seveve. Shangazi alinitazama. Mimi nikatazama chini.

Jikoni tulianza na zile karatasi nyembamba za unga wa mchele ambazo hufungiwa mboga mbichi na tambi. Mwenye haraka atafute kazi nyingine. Karatasi huchovywa majini mara moja tu, kisha huachwa ilainike yenyewe juu ya ubao. Mimi niliziloweka kama nguo chafu, na tatu za kwanza zikachanika mikononi mwangu. Mfaransa alinipa pole huku yake nayo ikimganda vidoleni.

Ikafuata kachumbari ya ua la mgomba. Ndiyo, lile ua la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu, ambalo sisi hulikata na kulitupa. Cô alilikatakata nyembamba sana, akaliloweka katika maji ya ndimu lisiwe jeusi, akalichanganya na karoti, majani na njugu karanga zilizopondwa. Nilikumbuka migomba yote niliyoipita maishani mwangu.

Kisha akatufundisha mchuzi wa kuchovyea. Alieleza kwamba ladha ya vyakula vingi vya kwao hutokana na maji ya samaki wadogo waliovundikwa kwa chumvi miezi mingi. Katika mapishi yasiyo na nyama, mahali pake huwekwa mchuzi wa soya, pamoja na ndimu, sukari na pilipili. Alitulazimisha kuonja kila baada ya kuongeza kitu. Chumvi, uchachu, utamu na ukali ni lazima vitoshane, hata kimoja kisimpigie mwenzake kelele. Tulikaanga pia tofu tukaitia katika rojo la nyanya. Tofu hutengenezwa kwa soya iliyolowekwa, ikasagwa, ikakamuliwa tui, tui likachemshwa na kugandishwa mfano wa jibini.

Mwisho ukaja mrenda. Kwa kawaida wao huupika kwa kaa wa maji baridi waliopondwa, lakini siku hiyo Cô alichemsha uyoga kwanza. Supu ilipofurika, akatupa ndani mrenda na nderema kwa pamoja, akakoroga, akaonja, akaepua. Muda wenyewe haukutosha kusoma ukurasa mmoja wa kitabu. Mfaransa aliinua kijiko, akauona ule utelezi, akauliza kama ndivyo ulivyopaswa kuwa. Cô akacheka na kumwambia kwamba utelezi huo ndio wanaoutafuta wakati wa joto, wali ukapita kooni bila taabu.

Yule mama wa Australia aliomba nyongeza. Mumewe naye akaomba. Wageni waliolipa pesa nyingi walikuwa wanagombea sufuria ya mrenda, na mimi, mjukuu wa mwenye mrenda, sikuwa nimewahi kumaliza bakuli moja! Siku hiyo nilimaliza mawili.

Tulipokuwa njiani kurudi, shangazi akaniuliza, "Unajua kwamba nyanyako hukopa nyama?"

Nikamwambia sijui.

"Kila Disemba mnapokwenda, yeye huchukua nyama kwa mwenye bucha kwa deni. Januari hunipigia simu nimsaidie kulipa. Mwaka jana aliuza kuku wawili wa mayai kabla hajaniambia."

"Kwa nini asipike tu mboga?"

"Kwa sababu kuna mjukuu wake aliyesema hali makamasi."

Wasomaji, nilitamani gari lile lipasuke nitumbukie. Husemwa, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akakopa. Maneno matatu ya mtoto wa Darasa la Sita yalikuwa yamemtoza mama mkongwe pesa miaka yote hiyo, naye hakuwahi kulalamika.

Jumapili iliyofuata, tarehe 18 Agosti, ilikuwa sikukuu yao iitwayo Vu Lan, ambayo huwa siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba katika kalenda yao. Ni siku ya kuwakumbuka wazazi na mababu. Wafuasi wa dini ya Budha huenda hekaluni, na kuna desturi ya kuvaa waridi kifuani: jekundu kwa aliye na mama, jeupe kwa aliyefiwa na mama. Siku hiyo wengi hula chakula kisicho na nyama kabisa. Lo! Mawazo yangu yalipinduka. Hapa kwetu, ukitaka kumheshimu mtu unachinja. Ukimpa mboga, umemdharau. Kule, siku ya kumheshimu mama ndiyo siku ya kuacha nyama. Kumbe nyama yenyewe haina heshima wala mboga haina aibu. Ni sisi wenye midomo tunaozipa.

Msinielewe vibaya. Sikuacha nyama, wala Wavietinamu wenyewe hawajaiacha. Wanakula nguruwe, bata na samaki kwa furaha, na wengi hula mboga tupu katika siku maalumu tu, kama ile ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo. Simwambii mtu yeyote aache nyama yake.

Kuna rafiki yangu aliyesoma makala haya kabla hayajachapishwa akaniambia, "Ni rahisi kwa aliyepanda ndege kusifu mboga. Sisi wengine tunazila kwa kukosa." Neno hilo ni kweli, na lilinichoma. Anayekula mboga kwa kukosa hahitaji hotuba yangu. Ninanena na sisi tunaomfanya aone haya. Ni sisi tunaomcheka mwenzetu siku ya kutembelewa, mama yake anapofungua mkebe ukatoka managu badala ya kuku. Umaskini hauna dawa ya siku moja, lakini kicheko chetu tunaweza kukizima leo.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, wavulana tuingie jikoni. Tunasema upishi ni wa wasichana, kisha tunalalamika juu ya chakula kuliko wasichana wote. Asiyejua kazi ya moshi hana haki ya kusukuma bakuli.

Pili, tujifunze kuzipika mboga zetu kwa adabu. Simlaumu mpishi wetu wa shule, maana yeye hupikia mamia kwa sufuria moja. Nazungumzia nyumbani, ambako sukuma wiki huchemshwa hadi ikasahau rangi yake. Moto uwe mkali, muda uwe mfupi, na uonje. Siku utakapokuwa na maharagwe matupu, yakamulie ndimu na kuyatia pilipili na dania, kisha uniambie.

Tatu, Chama cha Kiswahili kiwe na daftari la mboga. Saga ndiyo mgagani, managu ndiyo mnavu, terere ndiyo mchicha, na mrenda wetu huitwa mlenda na Watanzania. Kila mwanachama alete jina moja kutoka kwao, pamoja na namna nyanya yake anavyoipika. Nilisafiri nchi za mbali kulipiwa somo ambalo nyanya angenipa bure. Wengine msihitaji pasipoti.

Disemba ile tulipofika Kakamega, nyama ilikuwa motoni kama kawaida. Nilimwamkia nyanya, nikamwomba anifundishe kupika mrenda. Alidhani namfanyia mzaha. "Mwanamume jikoni?" akauliza. "Tena wewe?" Nikamwambia, "Nyanya, mimi ndiye." Akanitazama kwa muda, kisha akanituma shambani.

Alinionyesha namna ya kuchuja munyu kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, yale maji yanayolainisha mboga, kwa kipimo cha kiganja tu. Nilizidisha. Mrenda ukawa mchungu kidogo. Tuliula wote, hata binamu zangu, na nyanya akasema umefaa. Nilijua anadanganya. Kesho yake nilirudia, nao ukawa afadhali. Tulikaa siku tisa, na kwa bucha hakurudi tena.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Likizo ijayo mkienda kwenu, mkiwekewa bakuli la mboga, kabla hamjafungua mdomo kumbukeni kwamba aliyelipika anawatazama.