Gari ikikosa breki Ngomo, Mungu asisingiziwe

Wenye magari yanayoteremka Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, waache kusema "ni mapenzi ya Mungu" gari inapokosa breki. Pedali ikizama polepole chini ya mguu, na hakuna panapovuja, raba za pompi kubwa ya breki zimekwisha. Dawa ni kubadilisha pompi, kutoa hewa yote na kutia mafuta mapya ya breki. Mafuta ya motere yanavimbisha raba. Maji yanachemka mteremkoni. Tajiri anayekataa kununua pompi anachunga pesa zake, lakini wanaolipa ni wahami waliokaa juu ya mizigo. Polisi ya barabara, kabla ya kuomba karatasi, ikanyage pedali.