Ujasiri wa Karani

 

Wiki hii tumependa kumkumbuka karani mmoja, William Still, Mmarekani mweusi aliyefanya kazi katika ofisi ya chama cha kupinga utumwa mjini Philadelphia. Yeye na wenzake waliwapokea watumwa waliotoroka majimbo ya kusini, wakawaficha majumbani, kisha wakawasafirisha kuelekea Kanada.

Mwezi wa Agosti 1850 aliingia ofisini humo mtu mzima aitwaye Peter, aliyekuwa amejikomboa kwa fedha zake huko Alabama. Aliwatafuta wazazi wake ambao hakuwaona kwa zaidi ya miaka 40, na alichokumbuka ni majina yao tu. Still alipoyasikia akatambua kuwa ni majina ya wazazi wake mwenyewe. Huyu alikuwa kaka yake, mmoja wa wavulana wawili ambao mama yao aliwaacha utumwani alipotoroka na mabinti zake. Mama huyo alikuwa bado hai, naye akamwona tena mwanawe.

Kisa hicho kilimfunza Still thamani ya kuandika. Aliorodhesha majina, umri na jamaa za waliopita mikononi mwake, ili mama na mwana wapate njia ya kutafutana. Lakini Septemba mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya faini hadi dola 1,000 na kifungo hadi miezi 6 kwa anayemsaidia mtoro. Maandishi yale yangenaswa, yangekuwa ushahidi dhidi yake. Aliyaficha, na mwaka 1872, utumwa ukiwa umekwisha, akayatoa kuwa kitabu.

Wengine walilipa zaidi. Mke wa Peter na watoto wao watatu walikuwa wamebaki Alabama. Mzungu mmoja, Seth Concklin, asiye na udugu nao, alikwenda kuwachukua mwaka 1851. Aliwapitisha mitoni kwa mashua ndogo hadi Indiana, jimbo lisilo na utumwa, na huko wakakamatwa. Familia ikarudishwa kwa bwana wake. Maiti ya Concklin ikaopolewa mtoni ikiwa na minyororo. Peter akazunguka miji akichangisha, hadi akapata dola 5,000 za kuwakomboa ahali zake.

Sisi watu wa Pwani hatusomi habari hizi kama wageni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, ilhali Suratul Balad imekutaja kumwacha huru mtumwa kuwa ni kupanda njia nzito ya mlimani, na Suratut Tawba imewawekea watumwa fungu katika zaka. Babu zetu waliyasoma hayo. Wapo waliotenda, na wapo waliouza.

Nasi tujiulize. Binti wa kazi anapofungiwa ndani na kunyimwa ujira, jirani husikia kilio chake, kisha husema mambo ya nyumba ya watu hayamhusu. Tusiseme hivyo. Tubishe hodi, tuulize jina lake na kwao ni wapi, tuliandike, tuwatafute wazazi wake, na tuwafikishie habari viongozi wa msikiti na wa mtaa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuipanda njia ile. Amin.