Kenchi za zamani si kuni

Nina neno kwa wenye mabanda na maghala ya zamani ya mashamba hapa Soni na Lushoto yote: msikimbilie shoka. Zipo kenchi humo za mwangati, podo na mkulo. Kwa ajili ya mwangati wa Shume, Wajerumani walijenga njia ya kamba ya kuteremshia mbao mpaka relini, Mkumbara. Leo msitu wa asili wa Magamba umehifadhiwa, hivyo sokoni tunanunua zaidi msindano na mkaratusi.

Mkibomoa, vueni mabati kwanza, kisha papi, halafu kenchi. Kuta ziwe za mwisho. Ng'oeni kila msumari kabla ya kuchana upya, maana mmoja tu huharibu meno ya msumeno. Kateni ncha zilizokaa ukutani, kwani huko ndiko unyevu na mchwa huanzia. Pangeni mbao kivulini, mkizitenganisha kwa vipande ili hewa ipite. Mkitaka kuzisafirisha, ulizieni kwanza kibali ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mafundi wa kuziranda ziwe milango na madawati tunao, wapeni kazi.