MAZUNGUMZO YA AFYA NYUMBANI: Mwendo wa Kadiri na Mbio za Vipindi

Mwezi huu tumepata barua ya mwalimu mmoja, nayo yahusu neno ambalo twajua lawasumbua wengi. Kwa hiyo tumeona vema kumjibu mbele ya wote. Jina lake hatulitaji, bali maneno yake kwa ufupi ni haya:

"Bwana Mwandishi, miaka miwili imepita tangu daktari aliponipima akaona shinikizo la damu yangu limepanda. Alinipa dawa, akaniagiza nitembee. Nalikubali kwa hofu, maana baba yangu alipooza upande mmoja akiwa na umri huu huu nilio nao leo. Basi kila jioni mimi na mke wangu tulikuwa tukitembea pamoja mpaka mtoni na kurudi, dakika 40, siku tano za juma. Mwaka huu mpwa wangu alikuja likizo kutoka chuoni, akacheka akasema, 'Mjomba, huo ni mwendo wa wazee. Siku hizi watu hukimbia kwa nguvu kidogo, hupumzika, kisha hukimbia tena. Dakika 20 mara tatu kwa juma zatosha.' Nikaacha kutembea, nikashika mbio zake. Mwezi wa kwanza nalijiona kijana. Mwezi wa pili goti likaniuma, mvua ikaja, nikakosa siku moja, kisha mbili. Na sasa yapata majuma sita sifanyi hili wala lile. Mke wangu hutembea peke yake. Hanilaumu, lakini akirudi huingia jikoni kimya. Je, nizishike mbio, ama niurudie mwendo?"

Ndugu Mwalimu, swali lako ni jema, wala halina aibu. Tutalijibu kwa taratibu.

Kwanza tusimhukumu kijana wako, maana hakusema uongo. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, huko Kanada, walitangaza habari za wanaume wasiokuwa na mazoea ya mazoezi. Kundi moja waliendesha baiskeli isiyotoka mahali pake kwa dakika 45, kwa mwendo wa kadiri. Kundi la pili waliendesha kwa dakika 10 tu, na ndani ya hizo walikaza kwa nguvu zao zote mara tatu, kila mara sekunde 20. Wote walifanya hivyo mara tatu kwa juma kwa muda wa majuma 12. Mwisho walipopimwa, uwezo wa miili yao kutumia hewa ulikuwa umeongezeka karibu sawasawa, yapata asilimia 19 kwa makundi yote mawili. Basi ni kweli kwamba mazoezi ya vipindi huokoa wakati.

Tena si jambo jipya. Katika miaka ya 1930, huko Ujerumani, mwalimu wa mbio Woldemar Gerschler aliwafundisha wakimbiaji kukaza na kulegeza kwa kipimo, na mwanafunzi wake Rudolf Harbig akaweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1939. Lakini baadaye Arthur Lydiard wa New Zealand alishika njia nyingine: aliwakimbiza watu wake mwendo mrefu, yapata kilomita 160 kwa juma, ndipo akawaongezea mbio kali. Mwaka 1960 huko Roma wawili katika hao, Peter Snell na Murray Halberg, walishinda medali za dhahabu siku moja. Nao wakimbiaji wetu wa Kaptagat na Iten, mtu akiwatazama asubuhi nyingi atastaajabu jinsi waendavyo polepole. Siku za mbio kali ni chache katika juma. Waonaje basi? Mabingwa hawakuchagua moja na kulitupa la pili. Mwendo wa kadiri ndio msingi wa nyumba yao, na mbio kali ndiyo paa.

Lakini wewe, Mwalimu, hutafuti medali. Wataka uishi, uwaone wajukuu wako, wala usipooze kama baba yako. Basi tutazame watu walio karibu nawe kwa umri.

Huko Trondheim, katika Norwe, wazee 1,567 wa umri wa miaka 70 hata 77 waligawanywa katika makundi matatu, wakafuatwa kwa miaka mitano. Kundi la kwanza walipewa mazoezi ya vipindi mara mbili kwa juma: dakika nne za kukaza, kisha kulegeza, mara nne. La pili walipewa dakika 50 za mwendo wa kadiri, mara mbili vilevile. La tatu waliambiwa tu wafuate maagizo ya kawaida ya nchi yao. Habari zao zilitangazwa mwaka 2020. Waliokufa katika kundi la vipindi walikuwa asilimia 3.0, katika kundi la kadiri asilimia 5.9, na katika kundi la tatu asilimia 4.7. Mtu mwenye haraka atasema, "Vipindi vimeshinda!" Lakini wataalamu wenyewe walionya kwamba tofauti hizo hazikutosha kuwa hakika, huenda zikawa za bahati tu. Tena jambo hili tulitie moyoni: katika makundi yote mawili yaliyopewa mazoezi, waliodumu katika njia waliyopewa walikuwa karibu nusu tu. Waona kwamba kudumu ni kugumu kwa kila mtu, si kwako peke yako.

Sasa tuhesabu pamoja, kwa kuwa wewe ni mwalimu na hesabu huiogopi. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lasema mtu mzima apate kwa juma dakika 150 hata 300 za mwendo wa kadiri, au dakika 75 hata 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko wake. Wewe na mkeo mlikuwa mkitembea dakika 40 mara tano, yaani 200. Mlikuwa mmetimiza, tena mmezidi! Mbio za mpwa wako zilikuwa dakika 20 mara tatu, yaani 60, na mapumziko yamo ndani yake. Na katika majuma haya sita umepata dakika ngapi? Hakuna hata moja. Ndiyo maana wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kosa lako halikuwa kujaribu mbio. Kosa lilikuwa kubomoa nyumba iliyosimama kabla ya kujenga nyingine.

Je, basi uziache mbio kabisa? Hapana. Iko njia iliyo katikati, nayo twaipenda kwa ajili yako. Huko Matsumoto, katika Japani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Shinshu waliwachukua watu wazima, wengi wao wenye umri wa miaka sitini hivi. Wengine walitembea kwa mwendo ule ule mmoja. Wengine walitembea upesi dakika tatu, kisha polepole dakika tatu, mara tano au zaidi. Hawakukimbia hata hatua moja. Baada ya miezi mitano, kama ilivyotangazwa mwaka 2007, wale wa vipindi walikuwa wamepata nguvu zaidi ya mapaja, na shinikizo la damu yao lilikuwa limeshuka zaidi kuliko la wenzao. Kwa hiyo vipindi si lazima viwe mbio. Hata kutembea kwa miguu kwaweza kugawanywa, na goti lisipate mapigo ya kukimbia.

Ushauri wetu basi ni huu. Kwanza nenda ukapimwe shinikizo la damu, umweleze daktari habari ya goti na yale uyatakayo kufanya. Dawa usiziache kwa sababu ya kujiona una nguvu. Ni yeye daktari mwenye kupunguza. Kisha, kwa majuma mawili, tembea tu kama zamani, kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Juma la tatu, katika siku mbili zisizofuatana, kaza mwendo kwa dakika tatu, hata maneno yawe machache, kisha legeza kwa dakika tatu. Fanya hivyo mara mbili, na juma linalofuata mara tatu, hata ufike mara tano. Siku nyingine zote mwendo na uwe wa kadiri. Anza polepole daima, na umalize polepole. Ukisikia maumivu ya kifua, au kizunguzungu, au pumzi kukatika pasipo kawaida, simama hapo hapo, utafute msaada wa daktari bila kukawia. Mvua ikinyesha, barazani mwa shule pana nafasi. Ukikosa siku moja, ya pili usiikose.

Neno la mwisho ni juu ya mkeo. Barua yako yasema kwamba ulibadili mazoezi, lakini sisi twaona kwamba uliacha pia mwenzi wa njia. Mtu akitembea peke yake huweza kujidanganya kwamba amechoka. Lakini aliye na mwenzake mlangoni amevaa viatu, atapata wapi udhuru? Tena kule kwenda mtoni na kurudi, huenda ilikuwa saa moja ya pekee ambayo yeye alikuwa nawe pasipo madaftari ya wanafunzi wala wageni. Wewe uliihesabu kuwa dawa ya damu. Yeye pengine aliihesabu kuwa mazungumzo. Basi leo jioni usimpe hotuba ya mambo ya Norwe na Japani. Vaa viatu, simama mlangoni, umwambie, "Mama, twende."

Na mpwa wako akirudi likizo, mchukueni mpaka kwenye kile kilima cha mtoni, mkaze mwendo pamoja dakika tatu tatu, mara tano. Huko juu ndiko atakakojua kama huo ni mwendo wa wazee.

Tuandikie baada ya miezi mitatu, utupashe habari za goti, na za damu, na za jikoni.