Ogopa mkono unaoishika simu yako

Keti kwenye stegi yoyote ya boda kati ya Pandpieri na Dunga, mazungumzo yageukie simu, na hutakosa kusikia habari za mdukuzi aliyejifungia chumbani huko ng'ambo, anayeingia kwa simu yako ukiwa umelala. Wapo watu kama hao, na zipo programu kali kama Pegasus. Lakini omera, Pegasus huuziwa serikali, tena kwa pesa nyingi sana. Haijatengenezwa kumfuata kila msee mwenye Infinix ya kioo kilichopasuka. Wewe ogopa kwanza mkono unaoishika simu yako nusu saa, ikiwa wazi.

Mfano tunao hapa Kenya. Mei 2025, polisi waliwakamata watengenezaji filamu wanne jijini Nairobi wakiwahusisha na Blood Parliament, filamu ya BBC kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi Bungeni Juni 25, 2024. BBC ilisema hawakushiriki kuitengeneza. Waliachiliwa, ila simu zao zikabaki kwa polisi wiki kadhaa. Ziliporudishwa, watafiti wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walizichunguza, wakasema baadhi ziliwekwa programu inayoitwa FlexiSPY zikiwa bado mikononi mwa polisi.

FlexiSPY si siri ya majasusi. Inauzwa mtandaoni waziwazi, hata mume mwenye wivu anaweza kuilipia. Ikishaingia inasoma jumbe, inarekodi simu unazopiga, inajua ulipo, na inaweza kuwasha maikrofoni ukiwa jikoni unapiga stori na mamako. Na usijipe moyo eti WhatsApp imefungwa kwa msimbo. Msimbo ule unaulinda ujumbe ukiwa njiani. Ukishafika kwenye kioo chako unasomeka, na programu ya aina hii inakaa papo hapo kwenye kioo.

Sasa hesabu mikono inayoishika simu yako kila wiki hapa mtaani. Fundi anakuambia umwachie na namba ya siri "ajaribu kioo", nawe unaenda kutafuta samaki wa kukaanga. Mpenzi anajua namba yako kwa sababu kumnyima ni kumaanisha una mwingine (hilo nalo tutaliongea siku nyingine). Mtu akishika simu yako dakika moja tu anaweza kuiunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake, akasoma kila kitu akiwa kwake. Hakuna udukuzi hapo. Ulimfungulia mlango.

Kuna jibu ambalo vijana wengi hunipa: "Mimi sina cha kuficha." Sawa, huenda huna. Lakini simu yako imebeba watu wengine. Mtaa huu unajua vizuri. Agosti 2017, mtoto Samantha Pendo wa miezi sita alijeruhiwa polisi walipovamia nyumba yao hapa Nyalenda usiku, akafariki siku chache baadaye. Kesi kama hizo huchukua miaka, na mashahidi wanaendelea kuishi hapa hapa, wananunua sukuma kibanda kimoja na sisi. Namba ya jirani aliyeona, video aliyokutumia usiku wa maandamano, jina la aliyemficha mtu chini ya kitanda: vyote viko kwenye simu ya yule asiye na cha kuficha.

Sheria iko upande wako, angalau kwenye karatasi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako, mawasiliano yakiwemo, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inamtaka polisi apate kibali cha mahakama kabla ya kupekua data. Uliza kibali hicho kwa heshima, bila kelele. Najua ni rahisi kuandika haya nikiwa nimeketi, ni vigumu kuyasema ukiwa umekalishwa chini kituoni. Ndiyo maana izime simu kabisa kabla haijatoka mkononi mwako. Simu iliyozimwa, yenye namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa, ni ngumu kufungua kuliko iliyowaka ikisubiri kidole. Kidole kinaweza kushikwa kwa nguvu.

Kwa fundi, toa laini yako na usubiri pale pale. Kwenye WhatsApp, angalia vifaa vilivyounganishwa na utoe usichokijua. Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwa namba nyingine. Kama uko Safaricom, *100*100# huzuia mtu kubadilisha laini yako kwa jina lako.

Simu ikirudi kutoka mikono usiyoiamini, usikimbilie kufuta kila kitu. Izime. Badilisha maneno ya siri ukitumia simu nyingine, kisha tafuta watu wanaojua kuichunguza, kupitia mashirika ya watetezi wa haki kama Defenders Coalition. Wale watengenezaji filamu wangezifuta simu zao siku waliyorudishiwa, leo tusingejua kilichowekwa ndani.